Figo Kwenye Ndoo ya Rangi

Somoe mwanangu,

Kama yuko mtu mwenye bahati kumzidi baba yako kuanzia Msimbazi mpaka Posta, basi bado hajazaliwa, na akizaliwa aletwe kwangu nimfundishe kazi. Hebu fikiria mwenyewe. Mtu kapasuliwa ubavu, katolewa figo nzima yenye uvimbe mkubwa kama chungwa, na mwezi wa pili haujaisha yuko ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu, spana mkononi, anawatukana vijana kwa uvivu. Figo ikapelekwa maabara. Wakaukata ule uvimbe vipande vyembamba, wakahesabu mishipa ya damu iliyoota ndani yake, maana ikiwa mingi si habari njema, wakaikuta michache. Michache! Daktari akanipa mkono, akasema, mzee, nenda zako ukale maisha. Ndivyo nilivyowaambia wewe na mama yako siku ile nimesimama mlangoni na tikiti maji kwapani. Wewe ukakaa chini ukalia, kisha ukanyanyuka ukaanza kutafuta begi.

Maana ulikuwa umekwisha kunitangazia wodini, tena mbele ya watu: "Baba, majibu yakiwa mabaya, Mwanza siendi."

Nikakuuliza, "Na chuo?"

"Chuo kitaningoja."

Yule mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mzee, una binti hapo." Nikamjibu, "Binti gani? Hakimu huyo."

Basi hukumu ikatoka upande wa safari, na treni ni kesho jioni. Saa hizi umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, mama yako yuko uani anakukaangia visheti vya njiani, nami nimejifungia chumbani na karatasi zako za mtihani wa majaribio. Naandika nyuma yake. Upande wako una alama za vyema, upande wangu utajionea mwenyewe. Habari za kufunga begi kwa kufuli, za kutokula kitu cha mtu usiyemjua, za kuvaa sweta, mama yako amezisema mara tatu na kesho atazisema ya nne. Mimi sizigusi. Nina yangu, na yamenikaa kooni miezi sasa.

Unamkumbuka Kantibhai, yule Mhindu wa duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akikupa pipi za tangawizi? Yeye ndiye chuo kikuu changu. Nilitoka Newala na darasa la sita na suruali moja, nikaanza kwake kubeba mabomba begani. Ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Vitu vilivyokuwa havionekani vikaanza kumwagika kutoka bandarini, na kila mwenye kibanda cha udongo Kariakoo akaota ghorofa. Siku moja akaja mteja, mtu mpole, kofia safi, anasema anarekebisha nyumba yake ya vyumba sita. Akanunua bomba la inchi mbili. Alipotoka, Kantibhai akaniita.

"Selemani, huyu bwana anajenga nini?"

"Vyumba sita, bosi. Si amesema?"

"Mdomo umesema vyumba sita. Bomba limesema ghorofa nne. Nyumba ya chini koo kubwa hivi ya kunywea nini?"

Mwaka haukuisha, ghorofa nne zikasimama pale pale, na majirani wamezibwa upepo. Tangu hapo nikashika somo lile, sitazami kuta, natazama bomba. Ukinionyesha maji yanakoingilia nitakwambia nyumba itafika wapi. Kwa elimu hiyo nimekulisha, nimekusomesha, na nimejulikana mitaa yote kwa jina la Fundi Koki. Hata watoto wanaopita wakiniambia shikamoo wanamalizia na Koki.

Lakini ufundi wangu haukuwa wa halali wote, mwanangu, na hili sijawahi kukuambia. Mwenye gesti mmoja pale mtaani alitaka maji ambayo mita haiyaoni. Nikamfanyia. Tulifukua mchana kweupe, tumevaa makoti ya kazi, tukalipasua bomba kubwa la mtaa tukachomeka letu, tukafukia, tukanywa soda. Kazi safi mpaka nikajisifu. Wiki iliyofuata koki ya Bi Tatu ikakauka. Unamjua, yule mjane muuza vitumbua. Akaja kuniita.

"Koki baba, njoo uniangalizie. Maji yamenikimbia."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya koki yake, nikagonga-gonga, nikakunja uso kama daktari bingwa. Nikamwambia, "Bi Tatu, hapa ni kutu tu, miaka mingi." Akanishukuru, akanipa sahani ya vitumbua, nami nikavila vyote nimekaa kibarazani kwake, huku namtazama mjukuu wake akipita na ndoo kichwani kutoka Jangwani. Nilivila, Somoe. Na vilikuwa vitamu. Miezi minne ilipita ndipo nilipoukata ule mchepuko, na nilipoukata nilimwambia nimemtolea kutu. Akaniombea dua. Mpaka leo nikipita pale hunisimamisha kunishukuru, nami naitikia amina.

Sasa usije ukadhani nakuhubiria. Nakueleza tu aina ya mtu aliyekulea. Mimi ni mtu ambaye ulimi wake huwahi kufika kabla yeye mwenyewe hajafika.

Na ulimi huo huo ndio ulioniponza kwenye mkojo. Unakumbuka siku uliyotoka chooni macho yamekutoka? "Baba, kuna damu." Nikacheka. Kwetu kusini tulikuwa tunaoga madimbwini kutwa, kila mtoto wa kiume alikojoa damu, na wakubwa walitupigia makofi: aa, huyu sasa kidume. Kichocho, basi. Nikakwambia, "Baba yako amerudia ujana." Nikaenda duka la dawa, nikataja ugonjwa mwenyewe, nikachagua dawa mwenyewe, nikameza. Damu ikakata. Nikatamba kijiweni kwamba mimi na daktari tofauti yetu ni koti. Ikarudi, nikameza tena. Mwaka mzima namtibu dogo wa Newala wa miaka tisa, kumbe mgonjwa ni mzee wa Kariakoo wa miaka hamsini na mbili. Wewe ndiye uliyechukua kichupa cha mkojo wangu, ukakisimamisha mbele yangu mezani kando ya ugali, ukasema, "Aidha ukipeleke hospitali wewe, aidha nakipeleka mimi na nataja jina lako kwa sauti." Hakimu.

Halafu siku ya upasuaji. Kumbe ukishakatwa figo, kuipeleka maabara ni kazi ya ndugu. Chombo hakikuwepo cha kutosha, ukakimbia kwa Kantibhai ukarudi na ndoo ya rangi, ile nyeupe yenye mfuniko, wakatia figo yangu humo na fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, ukaibeba. Mimi nilikuwa nimelala sijitambui, lakini nimesimuliwa. Nesi kakuuliza, "Unaweza, mdogo wangu?" Ukamwambia, "Ya baba yangu hii, nitashindwaje?" Ukavuka ua wote wa hospitali na kipande cha baba yako kimeandikwa rangi ya mafuta, nyeupe, ya ndani. Ukafika, badala ya kuiacha ukaondoka, ukakaa. Ukaanza kuuliza maswali. Mnaikataje? Mnaipaka nini? Daktari Neema aliniambia baadaye, "Mzee, binti yako alikaa hapa mpaka tukamfukuza." Ndipo chuo cha maabara kilipokuingia kichwani. Kwa hiyo nikikwambia nimechangia ada yako kwa figo, si utani sana.

Huyu Daktari Neema unamjua, yule mwembamba mwenye miwani mikubwa. Alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na kisanduku cha dawa za rangi za kupaka vipande vya nyama ili mishipa ionekane, anachunguza uvimbe wa figo za watu. Siku ya majibu nilikwenda peke yangu, nikawaambia nyie nakwenda kutazama kazi Ilala. Akanikalisha mbele ya hadubini.

"Funga jicho moja, mzee. Vile vistari vya kahawia ndiyo mishipa ya damu iliyoota ndani ya uvimbe wako."

Nikachungulia. Nikachungulia tena. Akanieleza kwamba uvimbe ukiwa mchanga huishi kwa kudokoa kwa majirani, lakini ukitaka kukua hutoa kitu, na kitu hicho hupimika, cha kuiita mishipa iote kuuelekea.

Nikamwambia, "Yaani anamwita fundi."

"Anamwita fundi?"

"Daktari, hii kazi naijua. Anachomeka kwenye bomba kubwa la mtaa. Mita haimwoni. Jirani koki zinakauka, yeye anapanda ghorofa."

Akanitazama. Akasema, "Mzee, nimesoma miaka mingi kulisema hilo kwa maneno marefu zaidi." Nikavimba kichwa, mwanangu! Nilisahau kabisa kwamba anayezungumziwa ni mimi. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ukiyahesabu mabomba, unajua nyumba itafika wapi?"

Hapo akavuta kiti. Akasema ndiyo hicho anachokitafuta, lakini hataki kunidanganya. Wako waliohesabu wakaona penye mishipa mingi ugonjwa hurudi mapema na mgonjwa haendi mbali. Wako waliohesabu vile vile, figo zile zile, hawakuona tofauti yoyote. Bado wanabishana. "Ndiyo maana nahesabu," akasema. Nilimpenda kwa neno lile. Mtu amesoma mpaka ng'ambo na bado anasema sijui. Mimi darasa la sita sijawahi kusema sijui hata mara moja.

Kabla sijafika mwisho wa kikao kile nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hili hutanielewa.

Babu yako, baba yangu, alipougua Newala, kaka yangu na wazee walikaa wakakata shauri nisiambiwe. Selemani yuko kazini Dar, wakasema, ataacha kazi bure. Barua zikaja. Baba hajambo anakusalimu. Baba hajambo anakusalimu. Ya tatu ikasema baba hajambo, ila anaomba blanketi. Nikaona mzee anazeeka, anasikia baridi. Nikanunua blanketi zito la kijani pale sokoni, nikabishana na muuzaji mpaka akaninunia, nikaondoka nalo mwenyewe kwa barabara ya kusini ya miaka ile, lori linakwama, tunashuka, tunasukuma. Nilifika na blanketi begani. Kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Kaka akasema, "Tulikuonea huruma."

Sikumsemesha miaka saba. Si kwa sababu baba alikufa, watu hufa. Ni kwa sababu walinichagulia. Labda ningekuja, labda nisingekuja, mimi mwenyewe na ujinga wangu ningeamua. Walininyima hata nafasi ya kukosea. Blanketi lenyewe umekulia ndani yake, na nimeona leo asubuhi umelitia begini.

Basi turudi kwa Daktari Neema. Nikamuuliza, "Na yangu?"

Akasema, "Mingi sana."

Sasa wewe unajua mtu wa sokoni akitajiwa neno la kwanza hufanya nini. Sikufikiri, ulimi ulitangulia. Nikamwambia, "Daktari, hiyo 'sana' nitolee."

"Nini?"

"Umesema mingi sana. Hilo ni neno la kufungulia bei. Toa 'sana', tubaki na 'mingi', tuelewane."

Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. "Haya mzee. Mingi."

"Unaona tunavyokwenda vizuri. Sasa hiyo 'mingi', si tungesema 'ya kutosha'?"

"Ya kutosha kwa nani?"

"Kwa mtu mzima wa kiasi changu."

Akaacha kucheka. Akavaa miwani yake. "Mzee Selemani, ukitoka hapa na 'ya kutosha', ukifika getini utakuwa na 'michache'." Kisha akanieleza lililobaki, taratibu, mkono wake juu ya meza karibu na wangu. Kwamba hata mishipa tukiiweka pembeni, uvimbe ulikuwa umekwisha kuvuka ganda la figo, na hilo hawabishani. Kwamba anahofia utarudi. Lini, hajui, huenda kesho kutwa, huenda ukanikuta na wajukuu. Kwa hiyo niende kila baada ya miezi mitatu nipigwe picha ya kifua na kupimwa, ili ukirudi wauone mapema.

Nikamwambia nimeelewa. Na kwa taarifa yako alikosea kitu kimoja. Sikungoja kufika getini, kwenye ngazi tu nilikuwa na 'michache' tayari. Nikanunua tikiti maji.

Mwezi wa tatu ukafika. Ningeagaje kwenda hospitali, na nimeshawatangazia kwamba nimepona? Nikaupitisha. Uongo wangu ukanikalia kwenye njia ya kwenda kupimwa. Ona fundi alivyochomeka bomba akajikaushia koki yake mwenyewe. Juzi ndipo mama yako alipoingia chumbani akafunga mlango.

"Baba Somoe, hiyo mishipa yako ni mingi, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ukiwa na habari njema ya kweli huwa unanyamaza nayo. Siku ile ulisema sana, ukaleta na tikiti."

Nilijaribu mzaha, ukaishia mdomoni. Nikamwambia yote. Hakulia. Alikunja kanga yake polepole, akasema, "Jumatatu tunakwenda kupiga picha, mimi na wewe. Na mtoto utamwambia kabla hajapanda treni. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sina maneno matamu." Nikasema atakataa kuondoka. Akasema, "Akikataa atakuwa amekataa yeye."

Basi barua hii sitakutilia begini uje uisome umeshapita Morogoro. Kesho nitakupa mkononi, na chai ya asubuhi. Treni ni jioni. Utakuwa na mchana mzima ambao mimi sikupewa.

Ukitaka kujua ninachokitaka mimi, nataka uende. Nataka siku moja mtu kama mimi apeleke ndoo yake mahali, akukute wewe, ukipake dawa kipande chake kwa makini, uhesabu sawasawa, na akitaka umpunguzie neno umtazame kwa jicho lile la kichupa na ugali. Jumatatu nitakwenda picha. Miezi mitatu baadaye nitakwenda tena, na majibu nitakuandikia kama yalivyotoka mdomoni mwa daktari, bila kulitoa neno. Ninajisikia na nguvu, hilo la kweli, nakula, napanda ngazi, mguu wa kushoto tu ndio unaosema lakini huo ulianza ujeuri zamani. Wala usinihesabu miongoni mwa waliokwisha. Daktari mwenyewe bado anahesabu.

Lakini ukitaka kubaki, ubaki. Sitakuita mjinga. Begi tutalifungua pamoja.

Nasikia mlango, nadhani umerudi. Mama yako anakuuliza shangazi amekupa nini, wewe unacheka. Niimalize.

Kule juu nimeandika kwamba hakuna mwenye bahati kunizidi, kwamba waliikuta michache, kwamba daktari alinipa mkono akaniambia niende nikale maisha. Ni uongo, Somoe. Niliutunga kwenye ngazi. Mishipa ni mingi, na lile neno nililolitoa nalirudisha hapa kwa mkono wangu.

Sana.

Baba yako,
Selemani